Mfalme ndiye huchinjiwa. Huyu wa Wakristo mbona alichinjwa yeye?

#1 Mkaa Kaole

Wakuu salaam. Nina jambo limenikaa kifuani tangu jumuiya yetu hapa Bagamoyo ianze maandalizi ya sikukuu ya Kristo Mfalme.

Habari zote za wafalme ninazozijua, watu hutoa na mfalme hupokea. Hupelekewa ng'ombe, hupelekewa mazao, hupewa vijana wa kwenda vitani. Mfalme akiugua, nchi inachinja ili apone. Mvua ikigoma, watu wanaongozana kwake na kafara mkononi. Hata madiwani wa Kishomvi, watawala wa zamani wa pwani yetu hii, walikuwa na ada zao, hupiti na mzigo hivi hivi. Sijasikia mahali raia wamelala na njaa mfalme akasema nichinjeni mimi.

Halafu naingia kanisani, naimba Kristo Mfalme kwa sauti yangu yote, na aliye mbele yangu ni mtu aliyepigiliwa misumari. Juu ya kichwa chake wameandika Mfalme wa Wayahudi, kwa Kiebrania, Kirumi na Kiyunani (Yn 19:20) ili kila apitaye asome. Askari walikuwa wanamdhihaki na taji la miiba. Sisi tunaimba maneno yale yale tukiyaamini.

Swali langu: ni mfalme KWA SABABU alijitoa, au alikuwa mfalme tayari NA BADO akajitoa? Kwangu hayo ni mambo mawili. Na kama ile sadaka ilikuwa malipo, nani alipokea?

Tafadhali mtu asinijibu kuwa ni fumbo la imani akaondoka. Najua ni fumbo. Tulichimbe.

#2 Nanga ya Sahare

Naweka kiti hapa mbele. Uzi wa maana huu.

#3 Mama Neema wa Ngamiani

Tumsifu Yesu Kristo wapendwa.

Kaka Mkaa, anzia Marko 10. Yakobo na Yohana wanaomba viti, mmoja kulia, mmoja kushoto, katika utukufu wake. Anawajibu hamjui mnaloliomba. Wale kumi wakikasirika anawaita wote, anawaambia wakuu wa mataifa huwatawala watu kwa nguvu, kwenu isiwe hivyo, kwa maana Mwana wa Adamu "hakuja kutumikiwa, bali kutumika, na kutoa nafsi yake iwe fidia ya wengi."

Sasa fungua sura ya 15 uone siku ile waliowekwa kulia na kushoto kwake ni akina nani. Wanyang'anyi wawili. Marko ametumia mikono ile ile miwili makusudi, anatuonyesha kiti cha enzi ni kipi. Mimi nasema ni mfalme kwa sababu alijitoa. Msalabani ndipo alipotawazwa.

#4 Mwinjilisti wa Soni

Dada Mama Neema umesema vizuri, ila mwishoni nakupinga. Hakufanywa mfalme na msalaba. Mamajusi walifika Yerusalemu wakiuliza yuko wapi yeye *aliyezaliwa* mfalme (Mt 2:2). Alizaliwa nao. Na katika Yohana 6:15, watu wakishakula mikate wanataka kumshika wamfanye mfalme, yeye anapanda mlimani peke yake. Aliukimbia ufalme wa kupewa na watu walioshiba. Msalaba ulitudhihirishia tu kile alichokuwa nacho.

Kuhusu nani alipokea: Baba. Isaya 53 iko wazi, adhabu ya amani yetu ilikuwa juu yake. Haki ya Mungu ilidai na Mwana akalipa. Pasipo kumwaga damu hakuna ondoleo (Ebr 9:22).

#5 Mzee wa Dunda

Wanangu, nimekulia hapa hapa Bagamoyo, chini ya miembe ya misheni. Neno fidia kwetu halikuja kwa mahubiri tu.

Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika 1868, wakaanzisha kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Wengi walikuwa watoto, walinunuliwa Unguja sokoni. Soko lile likafungwa 1873. Kwa hiyo kuna miaka ambayo ukombozi wa mtu hapa kwetu ulikuwa na bei, na fedha ilihesabiwa ikapita mkono kwenda mkono. Minyororo ipo makumbusho ya misheni, chuma kimeliwa na kutu, pete za shingo zimefuatana. Nilimpeleka mjukuu wangu. Aliizunguka kimya, akainama, akaniuliza babu, hii inafungukia wapi?

Sasa Mwinjilisti nisikilize. Fedha ile ilikwenda kwa nani? Ilikwenda kwa yule aliyemshika mtu. Mkombozi alitoa, mwizi wa watu akapokea. Ndiyo maana nasita unaposema Baba ndiye alipokea fidia. Kwani Baba ndiye alitufunga pete shingoni?

#6 Muheza Machungwa

Shikamoo Mzee wa Dunda. Umegusa penyewe.

Ulichosema kilisemwa na Origen wa Alexandria karne ya 3: aliyekuwa ametushika ni Shetani, kwa hiyo ndiye aliyelipwa, ila akashindwa kumshikilia yule aliyepewa. Wengi walimfuata. Karne ya 4 akasimama Gregori wa Nazianzo akasema ni aibu kubwa, mnyang'anyi alipwe, tena alipwe Mungu mwenyewe! Lakini hakuishia hapo, akamgeukia na mwenye jibu la Mwinjilisti: na kama ni Baba, yeye hakuwa ametushika mateka. Tena huyo Baba hakumpokea hata Isaka alipoletwa na baba yake, akampa kondoo dume badala yake. Damu ya Mwanawe wa pekee ingemfurahishaje?

Kwa hiyo Mkaa, swali lako lina zaidi ya miaka 1,600 na miongoni mwa walioliuliza wamo maaskofu.

#7 Nanga ya Sahare

Ninyi Waanglikana wa Magila mkishaanza na mababa wa Kanisa tunajua ubwabwa utapoa 😂 Endelea ndugu yangu, tunakula baadaye.

#8 Mpita Pangani

Nachangia kidogo. Bagamoyo ndipo alipozikwa Livingstone, naye alijitoa sadaka kwa ajili ya kukomesha utumwa. Nadhani mfano huo unatosha kueleza kiongozi anayejitoa kwa wengine.

#9 Mzee wa Dunda

Mwanangu wa Pangani, hakuzikwa hapa. Alifia kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo, Mei 1873, na moyo wake ukazikwa huko huko chini ya mti. Mwili ulikaushwa ukabebwa hadi pwani, ukalala kanisani kwetu Februari 1874, ukavushwa Unguja, ukazikwa Westminster kule London.

Na kama unatafuta watu waliojitoa, usiwapite waliobeba. Akina Chuma na Susi na wenzao walitembea miezi na maiti begani, bwana wao hayupo tena wa kuwaamuru wala wa kuwalipa. Wangeweza kuiacha njiani. Hilo nalisema kila mgeni anaponiuliza habari za ule mnara wa kanisa letu la zamani.

#10 Mtu wa Vugha

Nimesoma kuanzia juu. Mkaa, pale uliposema mfalme ni wa kupokea tu, huku kwetu Shambalai, yaani Usambara, mambo hayakuwa mepesi hivyo.

Wakilindi, ukoo wa kifalme, walitawala kutoka Vugha. Mmisionari Krapf alipopanda huku 1848 alimkuta Kimweri ye Nyumbai. Mfalme alisalimiwa Simba Mwene, na wazee wanasimulia ukoo ulianza na Mbegha, mwindaji aliyeua simba. Ni kweli watu walimpelekea ng'ombe na walimlimia. Lakini na wao walimdai. Walimdai mvua, walimdai nchi iliyopoa. Nchi ikichafuka, wa kwanza kutazamwa usoni ni yeye: ameiponya au ameiharibu? Mfalme aliyekula ng'ombe wa watu na mvua isinyeshe alikuwa na kesi ya kujibu.

Ndiyo maana Ufunuo 5 inanitikisa kuliko sura nyingine yoyote katika jambo hili. Yohana analia sana kwa kuwa hakuna aliyeonekana kustahili kukifungua kile kitabu. Mmoja wa wale wazee anamwambia usilie, Simba wa kabila la Yuda ameshinda. Msambaa wa enzi zile akisikia simba tayari macho yake yanamtafuta mfalme. Yohana naye anatazama. Anachokiona ni Mwana-Kondoo, amesimama kama amechinjwa. Simba hatajwi tena katika sura ile. Wala hakuna mtu mbinguni anayeuliza simba amekwenda wapi, wote wanaanguka kifudifudi na kuimba kwamba huyu anastahili *kwa kuwa* alichinjwa.

Makwaya yetu yanapenda sana mstari wa 5. Wa 6 hawafiki.

Kwa hiyo katika swali la Mkaa niko na Mama Neema, japo naheshimu hoja ya mamajusi.

#11 Ustadh wa Makorora

Amani iwe kwenu majirani. Naingia kwa adabu, msiponitaka semeni.

Sisi hatuamini kuwa Nabii Isa, amani iwe juu yake, alisulubiwa. Aya iko Suratun Nisaa, 157. Hapo hatutakutana leo na sikuja kuwavunjia baraza. Langu ni kuhusu kuchinja. Tunachinja Idi kwa kukumbuka mtihani wa Nabii Ibrahim na mwanawe, ambaye kwetu kauli ya wengi ni Ismail. Na Suratul Hajj aya ya 37 inatuambia nyama zake hazimfikii Mwenyezi Mungu wala damu zake, kinachomfikia ni ucha Mungu wenu. Nyama tunakula, tunawapa jamaa na maskini. Mungu hana haja nayo.

Basi nawauliza kwa nia njema. Kama Mungu ni mwingi wa rehema na akitaka kusamehe anasamehe, damu ilikuwa ya nini?

#12 Mama Neema wa Ngamiani

Karibu sana Ustadh, nani asikutake na sahani zenu za Idi tunazipokea kila mwaka!

Swali lako lipo hata ndani ya Biblia yetu. Hosea 6:6, na Yesu amelirudia mara mbili katika Mathayo, 9:13 na 12:7: "Nataka rehema, wala si sadaka." Zaburi ya 50 Mungu anauliza, je, nile nyama ya mafahali? Ninywe damu ya mbuzi? Kwa hiyo asifikiri mtu kwamba ninyi mnasema Mungu hali damu na sisi tunasema anakula.

#13 Mwinjilisti wa Soni

Ustadh, karibu. Nami nakujibu kwa Waebrania hiyo hiyo niliyoitaja: "haiwezekani damu ya mafahali na mbuzi kuondoa dhambi" (10:4). Mwandishi anajua ng'ombe haondoi kitu.

Ugumu uko hapa. Miungu ya mataifa ilidai, na aliyedaiwa alitafuta mwingine wa kumtoa. Soma 2 Wafalme 3:27, mfalme wa Moabu vita ikimzidi anamchukua mwanawe mzaliwa wa kwanza, aliyekuwa amrithi, anamteketeza ukutani. Huyo ni mfalme anayetoa sadaka kweli kweli, lakini anatoa uhai wa mwingine ili kiti chake kibaki. Mlimani Moria ni kinyume. Mtoto anauliza mwana-kondoo yuko wapi, Ibrahimu anamjibu: "Mungu atajipatia mwana-kondoo." Anayepaswa kupewa ndiye anayeleta. Kristo si mtu wa pembeni aliyeshikwa na Mungu mwenye hasira. Ni Mungu mwenyewe ameingia gharama.

#14 Muheza Machungwa

Mwinjilisti, umesogea. #4 ulisema haki ilidai na Mwana akalipa. #13 unasema Mungu mwenyewe ndiye mlipaji. Hizi ni njia mbili, na ya pili naipenda zaidi.

Ile ya deni ilipangwa vizuri sana na Anselm, askofu mkuu wa Canterbury, miaka ya 1090. Alisema dhambi inamnyima Mungu heshima yake, mwanadamu ndiye anayedaiwa ila hana uwezo, Mungu ana uwezo ila hadaiwi, kwa hiyo lazima aje aliye Mungu na mtu. Hoja imesimama. Lakini tazama dunia aliyoishi: mabwana wenye ardhi, wakulima chini yao, heshima ya bwana ikiguswa lazima kilipwe kitu. Nahofia amemvika Mungu kanzu ya mabwana wa Ulaya wa siku zile. Muda mfupi baadaye mwanateolojia Abelard akasema hapana, msalaba ni upendo ulioonyeshwa wazi ili mioyo yetu iwake nasi tupende.

Halafu kuna ya zamani kuliko zote mbili: msalaba ni vita. Mfalme ameshuka kwenye ngome ya adui, amekufa ndani yake, na ngome ikavunjika kutoka ndani. Pasaka ndipo inapoeleweka, maana ukisimama kwenye deni tu, deni lililipwa Ijumaa na Jumapili haina kazi.

#15 Mwinjilisti wa Soni

Jumapili ni risiti, ndugu yangu. Rum 4:25, alifufuliwa ili mpate kuhesabiwa haki. Na sijasogea. Mlipaji na mdai wakiwa mmoja, deni bado lilikuwepo.

#16 Kijana wa Mikanjuni

Wakubwa shikamooni. Mmeulizana sana nani alipokea damu. Mimi nauliza nani anapokea sadaka ya mama yangu.

Kanisa tulilokuwa tunasali, jina nalihifadhi, kiongozi wake alifundisha kuwa yeye ni kuhani na mfalme wa nyumba ile, na kwamba mfalme haendewi mikono mitupu. Kila Januari malimbuko: pato lote la mwezi wa kwanza. Mama anakaanga vitumbua na kuuza chai asubuhi. Pato lake lote la mwezi ndilo hilo hilo mtaji. Alitoa. Februari alikopa unga dukani, Machi mwenye duka akakataa, karai likalala juu chini uvunguni. Alipokwenda kueleza shida aliambiwa sadaka yake ilikuwa na manung'uniko, ndiyo maana haijajibiwa. Arudie.

Sasa nikasoma 1 Samweli 8. Wazee wa Israeli wanataka mfalme kama mataifa, na Samweli anawapa orodha: atatwaa wana wenu, atatwaa binti zenu, atatwaa mashamba yenu yaliyo mazuri, atatwaa sehemu ya kumi ya mbegu zenu na makundi yenu, nanyi mtakuwa watumwa wake. Nikafunga Biblia nikakaa. Ni yule yule niliyekuwa namwita mtumishi.

Yesu kwenye hekalu aliona mjane ametia senti mbili, wote tunaipenda hadithi ile. Mistari michache juu yake (Mk 12:40) anawalaani wanaokula nyumba za wajane. Hiyo sijawahi kuisikia ikihubiriwa wakati wa bahasha.

Hatuna machifu wenye mamlaka nchi hii tangu 1963. Naona wengine wamejitawaza madhabahuni.

#17 Nanga ya Sahare

Pole sana mdogo wangu. Mama anaendeleaje sasa?

#18 Kijana wa Mikanjuni

Asante kaka. Karai limerudi jikoni. Kanisani ndiko hajarudi.

#19 Katekista Mstaafu

Kijana, pole, na ulichosoma umesoma sawa. Sitaki kumtetea mtu wa namna hiyo.

Ila nisingependa kutoa kwenyewe kuhukumiwe kwa ajili yake. Parokiani kwetu siku ya mavuno watu huleta walichonacho: mkungu wa ndizi, nazi, mayai kwenye sahani. Baada ya Misa mnada. Kuna bibi mmoja huleta kuku wake amefungwa miguu kwa kipande cha kanga. Kuku yule alinadiwa, UWAKA (umoja wa wanaume Wakatoliki) wakapandishiana bei na WAWATA (wa wanawake) hadi vigelegele vikajaa, mwisho aliyeshinda akalipa, akamnyanyua kuku na kumrudishia bibi mikononi. Bibi akacheza naye. Hapo hakuna aliyeliwa.

Na kwa swali la Mkaa naomba wote mfungue 2 Samweli 24, sioni mtu ameitaja. Mfalme Daudi amewahesabu watu kwa kiburi, tauni imeshuka, watu wanakufa kwa kosa lake. Anapomwona malaika, Daudi anasema mimi ndiye niliyekosa, hawa kondoo wamefanya nini? Mkono wako na uwe juu yangu na juu ya nyumba ya baba yangu. Hapo ndipo mfalme anajitoa mbele ya watu wake. Kisha anakwenda kwenye uwanja wa kupuria wa Arauna, anapewa ng'ombe bure, anakataa, hatamtolea Mungu sadaka isiyomgharimu.

Daudi aliomba, lakini alitoa ng'ombe. Yeye mwenyewe akabaki hai. Aliyetoka katika nyumba ile ile ya baba yake, vizazi vingi baadaye, ndiye lile ombi lilimwangukia. Mimi nimefundisha katekisimu maisha yangu yote, na kwangu sura hiyo inafungua msalaba kuliko Anselm.

#20 Mtu wa Vugha

Katekista, hii ya nyumba ya baba yake sikuwahi kuiona. Naichukua.

#21 Nanga ya Sahare

Samahani naingiza jingine. Bibi yangu Chumbageni anasisitiza Kristo Mfalme ni Oktoba, sisi tunaadhimisha Novemba. Nani kakosea? Na mbona jirani yangu anadai sikukuu hii ni ya tangu mitume?

#22 Katekista Mstaafu

Bibi yuko sahihi kwa enzi zake, jirani hayuko sahihi. Sikukuu iliwekwa na Papa Pius XI tarehe 11 Desemba 1925, Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Kalenda iliporekebishwa 1969 ikahamia Jumapili ya mwisho ya mwaka wa Kanisa, wiki moja kabla ya Majilio.

Angalieni na wakati ule. Vita Kuu imekwisha, mfalme wa Urusi, wa Ujerumani na wa Austria wote wameanguka, Italia Mussolini ameshika nchi. Watu wanatafuta wa kumwinamia. Papa akasema mnaye tayari.

Na tazama Injili zinazosomwa siku hiyo kwa mzunguko wa miaka mitatu. Mwaka A ni Mathayo 25, mfalme yuko kwenye kiti cha utukufu, lakini anasema nalikuwa na njaa, nalikuwa uchi. Mwaka B Yohana 18, amefungwa mbele ya Pilato. Mwaka C Luka 23, yuko msalabani na mhalifu anamwomba amkumbuke atakapoingia katika ufalme wake. Mtu wa kwanza kumwomba nafasi katika ufalme huo akiuamini ufalme wenyewe alikuwa mtu aliyehukumiwa kufa.

#23 Binti Kilole

Naomba na vijana wa Uganda wasisahaulike. Wamisionari wa Afrika walioanzisha imani Katoliki kule walitokea Bagamoyo 1878, walianza safari pwani hii hii. Miaka minane baadaye, 3 Juni 1886, Karoli Lwanga na wenzake walichomwa moto Namugongo. Walikuwa wahudumu wa ikulu ya Kabaka Mwanga. Mfalme waliyemjua uso kwa uso aliwataka waache imani, na Mfalme wasiyemwona hakuwatoa motoni. Hata hivyo walimchagua.

Mzee Polikarpo, askofu wa Smirna wa zamani zile, naye aliambiwa amtukane Kristo aachiwe. Akajibu amemtumikia miaka 86 na hajamtendea ubaya wowote, atawezaje kumtukana Mfalme wake aliyemwokoa?

Mimi nikisoma hawa naona swali la nani alilipwa linabaki vitabuni. Walichojua wao ni kwamba mwenye kuwaomba uhai alikuwa ametangulia kutoa wake.

#24 Mwinjilisti wa Soni

Amina, Binti Kilole. Nina moja tu kwa Katekista. Kama alijitoa mara moja tu (Ebr 10:10), mbona ninyi kila Jumapili mna sadaka ya Misa?

#25 Katekista Mstaafu

Mwinjilisti, hatumsulubishi tena. Ni ile ile moja, inafanywa iwepo mbele yetu. Mtaguso wa Trento ulilieleza 1562 kwa sababu watu wako walikuwa wanauliza hivi hivi.

#26 Muheza Machungwa

Jamani mabishano ya Matengenezo ya Kanisa, Wakatoliki na Waprotestanti, tuyafungulie uzi wake, huu uacheni upumue.

#27 Mkaa Kaole

Asanteni wote, nimesoma mara mbili mbili. Ila Mzee wa Dunda sijakuachia. Wale waliokombolewa wakaletwa kijijini misheni, walikuwa huru kweli au walibadilishiwa bwana? Maana kama Kristo ametununua, nasi ni mali ya mwingine bado.

#28 Mzee wa Dunda

Umeuliza vizuri na sitakuficha. Walipewa nyumba, walifundishwa kazi, waliozeshwa. Pia waliamshwa kwa kengele, wakalima mashamba ya misheni, na padre ndiye aliyekuwa kama jumbe wao katika kila jambo. Wengine waliridhika wakazaa wakajukuu, wengine waliondoka zao. Mapadre nao wengi walikufa kwa homa wakiwa vijana, makaburi yao yako pale, sitawavunjia heshima. Lakini kukombolewa na mwanadamu kulikuwa na mpaka, na waliokombolewa waliuona.

Ndipo ninapomwona Yesu ni tofauti. Ufunuo 1:5-6 inasema alituosha dhambi zetu akatufanya kuwa ufalme na makuhani. Mfalme wa dunia akikununua unalima shamba lake. Huyu amekununua akakuweka mezani pamoja naye. Hivyo ndivyo nielewavyo mimi, mwenye kuona vingine aseme.

#29 Kijana wa Mikanjuni

Mzee, yule wa kwetu alitumia mstari huo huo wa ufalme na makuhani kujiita mfalme na kuhani peke yake.

#30 Mzee wa Dunda

Mstari unasema "akatufanya", mwanangu. Na mama yako yumo.

#31 Ustadh wa Makorora

Nimerudi baada ya Isha. Nimesoma majibu yenu kwa utulivu na nimejifunza mengi, hasa ile ya Daudi, maana Nabii Daud nasi tunamheshimu. Lakini swali langu la #11 bado liko mlangoni. Mwinjilisti anasema deni, Muheza anasema vita, na huyo Abelard anasema upendo kuonyeshwa. Wa upendo namwelewa zaidi. Ila upendo unaonyeshwa kwa njia nyingi. Kwa nini lazima kwa kufa?

#32 Muheza Machungwa

Ustadh, hilo ndilo aliloulizwa Abelard na sidhani alilijibu lote. Naanzia hapa: yeye hakwenda kutafuta kifo, alikwenda kukaa na waliokuwa wanauawa, wakamkuta huko. Mwinjilisti atasema hiyo haitoshi. Mwinjilisti?

#33 Mwinjilisti wa Soni

Haitoshi. Gethsemane aliomba kikombe kimwepuke, akaongeza mapenzi yako yatimizwe. Kwa hiyo kulikuwa na mapenzi ya Baba juu ya kikombe kile, haikuwa tu kwamba walimkuta. Nipeni hadi kesho nitoke shambani, naandika kirefu.